Alijiunga na Jeshi kwa Hiari, Sasa Dhamiri Inamkataza: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya Kisumu, Vihiga na Kakamega. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya ibada au matangani, na mama au baba ambaye kwanza hugeuka kutazama kama kuna mtu anasikia. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika jamii, si wakili. Nilizaliwa karibu na Kaimosi, na kaka yangu mkubwa alivaa sare ya jeshi kwa miaka 11. Hapa nimeandika ninayoyajua. Kesi ya kijana wako mwenyewe ipeleke kwa wakili kabla hajatia sahihi chochote.

Kukataa vita kwa dhamiri maana yake nini?

Ni pale mtu anapojichunguza, mbele ya Mungu wake au mbele ya nafsi yake, na kukuta kwamba hawezi kushika silaha kumwua binadamu mwenzake. Kuchoshwa na gwaride hakuingii hapa. Kugombana na sajini hakuingii. Kukosa cheo alichotarajia hakuingii pia, hata kama uchungu wake ni wa kweli. Linaloangaliwa ni imani ya ndani iliyokaa na ikashika mizizi, na ambayo mtu yuko tayari kuilipia.

Lakini Kenya hailazimishi mtu kuwa askari. Alikwenda mwenyewe uwanjani siku ya usajili. Analalamika nini sasa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi huja na methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ni kweli Kenya haina jeshi la lazima. Kila anayevaa sare amejipeleka, amepimwa urefu, uzito na meno, ameonyesha vyeti vyake, amekimbia, na hatimaye amekula kiapo. Wazee wetu walijua hali nyingine. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume wengi wa Nyanza walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na wengi hawakurudi. Jina la Kariokor kule Nairobi, na la Kariakoo kule Dar es Salaam, linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Kwa hiyo neno hiari kwetu lina uzito, na silichezei.

Hata hivyo mtazame anayejiandikisha. Ni kijana wa miaka 18 au 20 aliyemaliza kidato cha nne, nyumbani hakuna karo ya chuo, na jeshi ndilo ajira yenye mshahara wa kila mwezi na matibabu. Anapoapa, vita kwake ni picha ya kwenye simu. Miaka sita baadaye ameshaona maiti. Ameshamzika rafiki. Pengine ameokoka, au amesilimu, au amezaa mtoto, na jambo ambalo hakuwahi kuulizwa moyoni sasa linamwuliza kila usiku. Aliyeapa na huyu anayeamka usiku ni mtu mmoja, lakini huyu wa pili anajua mambo ambayo yule wa kwanza hakuyajua.

Sisi wa kando ya ziwa tunaelewa. Mtu akishavua nguo aoge, kisha akamwona mamba, hakuna anayesimama ufuoni kumkumbusha ile methali.

Kiapo kinamfunga, na yapo mambo ya kulipia. Ila sikubali kwamba kiapo kinaizima dhamiri. Nchi kadhaa zenye majeshi ya hiari zimekubali hoja hiyo hata zikaitungia taratibu, kama utakavyoona hapa chini.

Je, huu si uoga tu?

Wapo waoga, na wapo wanaotumia dini kama mlango wa nyuma. Ndiyo maana popote penye utaratibu mwombaji huhojiwa sana.

Lakini fikiria habari za Desmond Doss, Msabato wa Marekani. Aliingia jeshini mwaka 1942 akakataa kugusa bunduki, na wenzake wakamdhihaki. Akafanywa mhudumu wa matibabu. Mwaka 1945, kwenye jabali la Maeda kisiwani Okinawa, alibaki juu huku risasi zikivuma na akawashusha majeruhi kwa kamba mmoja mmoja. Hesabu iliyoandikwa kwenye rekodi yake ni watu 75. Rais Truman alimvisha Nishani ya Heshima Oktoba mwaka huohuo, ambayo ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa nchini mwao.

Mama mmoja wa Ahero aliponisikia nikisimulia hayo alilia. Aliniambia hakulia kwa huzuni. Kwa miaka miwili alikuwa akidhani amezaa mwoga.

Sheria ya Kenya inasema nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hupotoshwa, na wanaopotosha wako pande zote mbili.

Kwanza, habari isiyopendeza. Majeshi yetu yanaongozwa na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka 2012. Ndani yake hakuna utaratibu maalumu wa askari kusema, dhamiri yangu imebadilika, nisikilizeni. Hakuna fomu wala kamati ya kazi hiyo. Anayekuambia kuna fomu ya kujaza anakudanganya, na akikuomba pesa ya kuileta, ondoka.

Sasa upande wa pili. Katiba ya 2010, Ibara ya 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni. Kifungu cha 4 cha ibara hiyo kinakataza mtu kulazimishwa kutenda au kushiriki tendo lililo kinyume cha imani au dini yake. Wengi husema papo hapo, hiyo ni ya raia, askari haimhusu. Basi fungua Ibara ya 24, kifungu cha 5. Hapo Katiba imetaja ibara ambazo sheria inaweza kuzipunguza kwa askari wa jeshi na polisi. Ni faragha, Ibara ya 31. Kujiunga na vyama, 36. Mikutano na maandamano, 37. Mahusiano ya kazi, 41. Haki za kiuchumi na kijamii, 43. Na haki za aliyekamatwa, 49. Ibara ya 32 haimo katika orodha hiyo.

Nilipoisoma orodha hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu kwa kidole, kama mtoto anayejifunza herufi. Walioandika Katiba walikaa wakafikiria askari anyimwe nini, wakaandika, na dhamiri hawakuiandika.

Usikimbie nayo mbali, lakini. Uhuru wa dhamiri hauko miongoni mwa haki za Ibara ya 25 zisizoguswa kabisa. Serikali inaweza kujaribu kuupunguza kwa kupitia masharti ya jumla ya Ibara ya 24, ikithibitisha kwamba kizuizi chake ni cha busara na kinakubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Itasema nidhamu ya jeshi, usalama wa taifa, hiari ya mwenyewe. Ni hoja nzito, na jaji atazipima. Kwa hiyo alichonacho kijana wako ni hoja ya kikatiba inayostahili kusikilizwa. Hajapata bado ruhusa ya kuweka bunduki chini.

Ibara ya 47 nayo inampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Hiyo pia haimo kwenye orodha ile. Ombi lake likikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, kwa heshima. Na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda Mahakama Kuu kudai haki iliyovunjwa, bila kutozwa ada ya kufungua shauri.

Na sheria za kimataifa?

Kenya iliingia kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972, na Ibara ya 2(6) ya Katiba inaufanya mkataba ulioridhiwa kuwa sehemu ya sheria yetu. Mwaka 1993 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ikifafanua Ibara ya 18 ya mkataba huo, ilisema haki ya kukataa vita kwa dhamiri inaweza kupatikana humo. Mwaka 1998 Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja huo ikatamka kwamba hata mtu ambaye tayari yumo jeshini anaweza kufikia hali hiyo. Ulaya nako, katika kesi ya Bayatyan dhidi ya Armenia ya mwaka 2011, mahakama ya haki za binadamu iliitambua haki hiyo waziwazi. Wakili mzuri atazitumia zote. Kamanda kambini hataguswa nazo sana, kwa hiyo usimtume kijana akamsomee.

Basi afanye nini kesho asubuhi?

Aende kazini. Hilo ndilo la kwanza, na nalisema nikijua linavyouma. Asikose gwaride. Asiache lindo.

Usiku, aandike. Achukue karatasi, aandike tarehe, aandike kwa maneno yake mwenyewe kile anachoamini na kilichombadilisha. Isiwe hotuba. Iwe habari: ni lini aliapa, aliamini nini wakati ule, alianza lini kusumbuka, alizungumza na nani, amebadilisha nini katika maisha yake. Aliyeacha kuwinda, aliyeanza kufunga na kusali, aliyekataa kushangilia wenzake waliposhangilia, ayaandike hayo. Mtu mwingine akiisoma miaka mitatu baadaye aone njia ilivyopita.

Kisha azungumze na kasisi wa jeshi, au imamu. Majeshi yetu yanao, na kazi yao ni kusikiliza. Asimwendee kwa ujanja. Amwendee kama mtu anayehitaji msaada wa kiroho, maana anauhitaji. Mazungumzo hayo pia yatakuwa ushahidi kwamba jambo hili halikuzuka siku orodha ya kwenda misheni ilipobandikwa.

Halafu ndipo aandike ombi rasmi kwa afisa mkuu wa kikosi chake, kwa kupitia ngazi zake. Asiruke ngazi. Ombi liwe fupi na liombe jambo linalowezekana. Mara nyingi ninashauri yawe mawili: kuhamishiwa kazi isiyo ya kupigana, kama vile matibabu, ghala, karakana au jikoni, huku akiomba kuruhusiwa kuondoka jeshini kwa njia halali. Uamuzi ni wa mamlaka, nalo ombi si haki ya papo kwa papo. Abaki na nakala. Nakala nyingine ikae nje ya kambi, kwa mtu anayemwamini.

Asiweke siri za kijeshi katika barua hiyo. Mahali kikosi kilipo, idadi ya askari, silaha, mipango, vyote viachwe nje. Dhamiri haihitaji ramani. Na asiandike lolote kwenye mitandao. Nimeona kijana mwenye hoja safi akaiharibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili katika kundi la WhatsApp la wanakijiji.

Wakili apatikane mapema, kabla ya amri ya kwanza ambayo atashindwa kuitii. Asiyeweza kumlipa aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, au aende kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya.

Akija nyumbani likizo nasi tukamficha?

Msifanye hivyo. Nakuomba kama mtu aliyeona familia ikivunjika kwa jambo hili.

Kutokuwepo kazini bila ruhusa ni kosa. Kutoroka jeshi ni kosa kubwa zaidi, na huwa zito mno aliyetoroka akiwa vitani au akiwa amepewa amri ya kwenda. Mwenye kumficha au kumsaidia naye anaweza kushtakiwa. Na siku atakapokamatwa, iwe shambani au kwenye matatu ya Busia, hakuna atakayeuliza habari za dhamiri yake. Ataulizwa alikuwa wapi. Hoja yote inageuka kuwa ya kutoroka, hata kama moyo wake ulikuwa mweupe.

Akishtakiwa mahakama ya kijeshi je?

Ana haki ya kusikilizwa kwa haki, na haki hiyo ni moja ya zile ambazo Ibara ya 25 inasema hazipunguzwi. Anaruhusiwa kuwa na wakili wa kiraia. Katiba inaiweka mahakama ya kijeshi miongoni mwa mahakama za chini, kwa hiyo rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Familia mwende mkakae kwenye viti. Askari aliyeona mama yake ndani ya chumba kile husimama tofauti.

Yeye hakatai vita vyote. Anakataa Somalia tu.

Hapa njia ni nyembamba. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011. Tangu kambi zetu kule ziliposhambuliwa na al-Shabaab, El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017, sijui kijiji cha Magharibi ambacho hakikuguswa na hofu hiyo. Namwelewa anayesema, kulinda mpaka nitalinda, kule sirudi.

Lakini hata nchi nyingi zenye utaratibu humtaka mwombaji akatae vita kwa jumla. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1971 katika kesi ya Gillette: anayechagua vita hivi na kuacha vile hapati kinga. Mwaka 2006 luteni Ehren Watada alikataa kwenda Iraq akisema vita ile ni haramu, huku akikubali kwenda kwingine, na jeshi likamshtaki. Mimi binafsi naona mtu anaweza kuwa na dhamiri safi kuhusu vita kimoja. Sheria nyingi bado hazijakubali. Kijana wako asidanganye akasema anakataa vyote kama hakatai vyote. Akiulizwa, je, mtu akivunja mlango wa mama yako usiku, utafanya nini? uongo wake utaonekana papo hapo.

Vipi kuhusu amri ya kutesa mtu au kumpiga risasi raia?

Hilo ni jambo jingine kabisa, na lisichanganywe na dhamiri. Askari anawajibika kutii amri halali. Amri ya kutesa si halali, na Katiba inasema uhuru wa kutoteswa haupunguzwi kwa sababu yoyote. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), mwaka 2005, ikatunga Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa mwaka 2008. Katika makosa ya aina hiyo, kusema niliamrishwa hakumwokoi mtu aliyejua, au ambaye hakukosa kuona, kwamba amri ni haramu.

Watu wa Mlima Elgon hawahitaji kufundishwa hili. Machi 2008 jeshi lilipelekwa kule kupambana na wapiganaji wa SLDF, kundi la wenyeji lililoshika silaha, ambao wenyewe walikuwa wameua na kukata watu masikio. Mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za wanaume waliokusanywa na kuteswa kwenye kambi ya Kapkota. Nimekaa na wajane wa pande zote mbili. Kila mara huwa nawaza kuhusu yule askari mmoja ambaye huenda alitaka kusema hapana na hakujua kwamba sheria ilikuwa upande wake.

Tangu Juni 2024, wanajeshi walipotumwa kusaidia polisi wakati wa maandamano, vijana huniuliza pia kama jeshi linaweza kutumwa barabarani. Ibara ya 241 inaruhusu jeshi kurejesha amani mahali penye machafuko kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Koplo haamui suala hilo akiwa juu ya lori. Anachoamua ni kile kidole chake kitafanya mbele ya mtu asiye na silaha, na hapo sheria iko wazi.

Je, huu si uasi, kama ule wa Lanet?

Hapana. Januari 1964 askari wa Lanet, Nakuru, mahali ambapo leo pana chuo cha kijeshi cha maafisa, waligoma kwa pamoja wakachukua silaha. Manung'uniko yao yalikuwa mishahara na maafisa Waingereza waliobaki baada ya uhuru. Uasi ni wa watu wengi waliopatana kuvunja amri. Anayekataa kwa dhamiri huja peke yake, bila silaha, akijitaja jina na kukubali kuulizwa. Ndiyo maana namwambia kila kijana: usitafute wenzako wa kutia sahihi barua moja. Wakiwa watano wenye dhamiri, ziwe barua tano, kila moja na mkono wake.

Kanisa letu linaweza kusaidia?

Magharibi mwa Kenya kuna urithi ambao watu wengi wameusahau. Kanisa la Marafiki, linalojulikana pia kama Quaker, lilifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko karibu nchi yoyote duniani. Waasisi wa imani hiyo walimwandikia mfalme wa Uingereza mwaka 1660 kwamba wanakataa vita vyote na silaha zote. Nimekulia ndani ya kanisa hilo. Tuliimba juu ya amani kila Jumapili, na kila usajili ulipotangazwa tuliwaombea vijana wetu wachukuliwe. Sisemi hayo kumhukumu mtu. Nyumbani kwetu pia tuliomba.

Wasabato walifungua misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906. Mafundisho yao ya tangu zamani yanamhimiza muumini asibebe silaha, ingawa uamuzi wameuacha kwa dhamiri ya mtu. Swali la Jumamosi nalo huja, na hilo liombewe ruhusa mapema. Mashahidi wa Yehova hawaingii jeshini kabisa, lakini tumepata askari aliyebatizwa nao akiwa tayari na namba ya jeshi.

Mchungaji, mzee wa kanisa au imamu anaweza kuandika barua kueleza anachojua kumhusu kijana. Aandike alichokiona. Barua inayosema ni mtoto mzuri, baba yake ni shemasi, haisaidii kitu.

Asiye na dini?

Ibara ya 32 inataja dhamiri na imani, si dini peke yake. Marekani nako mahakama ziliamua katika kesi za Seeger, 1965, na Welsh, 1970, kwamba imani ya kimaadili iliyo na nguvu kama ya dini inatosha.

Binti yangu yuko katika jeshi la Marekani. Kule ikoje?

Wakenya wengi wenye kibali cha ukaazi wamejiunga kule, na kwa miaka kadhaa kuanzia 2009 kulikuwa na mpango uliowachukua hata wasio na kibali hicho iwapo walijua lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Simu kutoka kwao huja usiku wa manane kwetu, mchana kwao.

Kule utaratibu upo, ingawa jeshi lao limekuwa la hiari tangu 1973. Mwombaji aonyeshe kwamba anapinga kwa uthabiti na ukweli kushiriki vita vya aina yoyote, kwa msingi wa dini au imani. Anaweza kuomba kutoka kabisa, au kubaki katika kazi zisizo za kupigana. Anaandika maelezo marefu, anahojiwa na kasisi, na mtaalamu wa afya ya akili, kisha na afisa mchunguzi. Wakati akisubiri hubaki kazini, na kamanda anatakiwa kumpa majukumu yasiyogongana sana na imani yake.

Jambo wanalolichimba sana ni wakati. Imani hiyo iwe imekomaa baada ya kujiunga. Aliyekuwa nayo tangu mwanzo akaificha ili apate ajira, ombi lake litaanguka. Kwa hiyo huko swali la kwa nini ulijiunga linalowasumbua wazazi hapa ndilo moyo wa ombi lenyewe.

Onyo kwa waliopata uraia kwa njia ya jeshi: mtu akiondolewa kwa sifa mbaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, uraia huo unaweza kufutwa. Asikubali kuondoka kwa mlango wowote anaoonyeshwa ili tu aondoke. Asome karatasi ya kuachishwa neno kwa neno.

Uingereza, ambayo huwachukua pia raia wa Jumuiya ya Madola, ombi hupelekwa jeshini, na likikataliwa kuna kamati huru ya ushauri. Si rahisi. Mwaka 2011 mhudumu wa matibabu wa jeshi la majini, Michael Lyons, alifungwa miezi 7 baada ya kukataa mafunzo ya bunduki.

Mkopo wa SACCO?

Unabaki palepale. Ahesabu deni kabla ya kuandika barua, maana hasira ya mdhamini imewarudisha wengi nyuma kuliko amri ya kamanda.

Mwanangu anataka kwenda usajili ujao. Nimwambie nini?

Mwulize swali moja jioni, mkiwa wawili: ukiambiwa uue, utaua? Usimjibie. Akinyamaza, mwache anyamaze mpaka kesho yake. Akisema ndiyo, na umeona ameifikiria, mpe baraka zako. Nchi inahitaji askari wanaojua wanachofanya. Na usimtolee hongo. Usajili ni bure, na aliyeuza shamba amnunulie mtoto nafasi amemnyima hata uhuru wa kubadili mawazo, kwa kuwa kila akitaka kuondoka atakumbuka lile shamba.

Atarudije kijijini?

Kaka yangu hakutoroka. Baada ya misheni yake ya pili aliandika ombi. Afisa mmoja alimcheka mbele ya wenzake, mwingine akalipokea kimya. Lilikaa miezi mingi. Hatimaye akahamishiwa ghala, akahesabu mablanketi na viatu mpaka muda wake ulipokwisha, akarudi nyumbani na begi moja. Wengine walimwita mwanamke. Babu yetu mdogo, aliyepigana Burma na KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alimwita aketi karibu naye kwenye kigoda, akampa uji, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo mbele ya watu.

Nakala ya ombi lake mama aliihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, pamoja na picha ya siku aliyohitimu Eldoret. Niliisoma mama alipofariki. Ni ukurasa mmoja. Katika mstari wa nne alikuwa ameandika, siwezi kumpiga mtu risasi. Kisha, kwa kalamu ya rangi nyingine, pengine siku nyingine, akabana neno moja juu kati ya maneno mawili ya kwanza: tena.